Nguruwe wa Theluji Hahami Kitanda

Upepo ulikata Jumatano kulipopambazuka, na ule ukimya ndio uliomwamsha Nábla. Siku mbili nzima upepo ulikuwa ukiizunguka nyumba na kulia ndani ya bomba la moshi, na siku mbili nzima alikuwa akijiambia: Éamann harudi kwa sababu ya upepo. Kajibanza mahali. Atakuja ukikata. Sasa umekata. Akatega sikio apate kusikia hatua za mtu nje, asisikie kitu.

Alikuwa amejilaza juu ya benchi mbele ya moto, mtoto kifuani. Róise alikuwa na miezi saba na jino moja, na jino hilo lilikuwa limeinyima nyumba usingizi wiki nzima.

"Umekata," sauti ikasema nyuma ya pazia.

Ilikuwa ya mama mkwe wake, Siubhán. Kitanda chake kilijengwa ndani ya ukuta kando ya meko, kama vya wazee wengi wa milima ile, na pazia likivutwa ungedhani ukuta ndio unaozungumza. Miguu yake ilikuwa imekataa kazi tangu masika ya juzi. Macho yalitangulia kukataa, miaka minne nyuma.

"Umekata, mama."

"Basi watakuja. Weka sufuria."

Wakaja. Mlango wa mashariki ulikuwa umezibwa na theluji mpaka juu, kwa hiyo wakapitia ule wa magharibi: Aodh Beag na ndugu zake wawili, kila mmoja na chepe begani na ufito mrefu mkononi. Aodh Beag maana yake ni Aodh Mdogo, na bondeni hapakuwa na mlango asiouinamia. Alikuwa jirani, na ndiye aliyemsindikiza Éamann siku ya kwenda kumposa Nábla kule pwani.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Hilo latosha kwa leo." Akageukia pazia. "Mama Siubhán, hujambo huko pangoni?"

"Pangoni kwa nyanya yako. Ukuta wa bustani yangu unauonaje?"

"Siuoni. Nimekuja natembea juu ya ukuta wako wa bustani bila kujua kama ni ukuta. Mwaka huu wa arobaini na saba tutausimulia mpaka meno yatutoke."

"Yako yalishatoka. Sikiliza." Sauti ya bibi ikashuka, na utani wote ukaisha ndani yake. "Éamann alitoka Jumatatu mchana kuwafuata kondoo. Jumatatu asubuhi theluji ilianza ya maji, flichshneachta, ile inayoshuka nusu mvua. Baadaye ndipo ikakauka. Kondoo akishalowa sufu anakuwa mzito, hatembei. Atakuwa kabaki palepale kwenye ukuta mrefu, na mwanangu atakuwa amewakuta palepale. Chomeni fito ukuta mrefu, upande wa magharibi, hatua kwa hatua. Msiruke hata moja."

"Ilianza ya maji?" Aodh akauliza. "Kwangu niliiona kavu, lakini mimi nilitoka nje karibu na saa sita."

"Ilianza ya maji. Mkwe wangu aliitolea mkono nje."

Nábla alikuwa ameshika kibuyu cha mtindi akiwamiminia. Mtindi ukamwagika ukingoni mwa bakuli, ukatiririka mezani, naye akautazama ukitiririka.

Kwa sababu hakuitolea mkono.

Ilikuwa hivi. Jumatatu asubuhi Éamann alikuwa zizini, na zizi lile limeungana na jiko, mlango mmoja tu kati yake. Ng'ombe mwekundu alishindwa kuzaa. Mguu wa ndama ulikuja nyuma, na Éamann mkono wake wote ulikuwa ndani mpaka begani. Zizi halina dirisha. Akapaza sauti kutoka humo: "Mama! Theluji imeanza, naisikia kwenye paa. Kondoo washuke sasa au wangoje?"

Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa ikiendeshwa. Siubhán alikuwa haoni, lakini hakuna aliyeijua theluji kumshinda. Mwambie ni ipi inayoanguka, atakuambia itakaa siku ngapi, italala wapi na itaondoka vipi.

"Nábla," akasema kitandani, "fungua mlango wa upepo, toa mkono nje, uniambie ni ipi."

Milango ya nyumba ile ilikuwa miwili, inatazamana, na watu wa huko hufungua ule ambao upepo umeupa mgongo. Mlango wa upepo haufunguliwi hivihivi. Ukiufungua baridi inaingia mpaka kwenye majivu ya meko. Na Róise, baada ya kulia usiku kucha, ndiyo kwanza alikuwa amelala. Dakika tano zilikuwa hazijaisha. Kichwa chake kilikuwa juu ya mkono wa Nábla, kizito, chenye jasho, na mkono ulikuwa umekufa ganzi, na Nábla hakutaka kitu kingine chochote duniani ila mtoto yule aendelee kulala.

Akatazama dirisha dogo la upande wa pili. Juu ya moto kulikuwa na sufuria ya nepi inachemka, kioo kimejaa mvuke, na kila chembe iliyokigusa ilikuwa ikiyeyuka na kuteremka kama chozi.

"Ya maji, mama. Flichshneachta."

"Umetoa mkono nje?"

"Nimetoa."

Kisha bibi akapaza sauti kuelekea zizini: "Wangoje! Ni ya maji, itageuka mvua kabla ya mchana. Wewe kaa na ng'ombe."

Saa sita ndama alikuwa amesimama, na Éamann akatoka, damu mpaka kwenye kiwiko, akaufungua mlango wa magharibi amwage maji ya ndoo. Akasimama hapo. Nje hakukuwa na mlima, hakukuwa na ukuta, hakukuwa na anga. Kulikuwa na unga mweupe unaokimbia sambamba na ardhi, unafuka kama moshi. Hakumlaumu mtu. Angemlaumu nani? Theluji hubadilika. Alichukua mkongojo wake wa kuchungia, akampigia mbwa mluzi, akaigusa pua ya Róise kwa kidole kilichonuka ng'ombe. "Nusu saa," akasema.

Angemlaumu, ingekuwa afadhali.

Sasa Aodh na nduguze walikuwa wameshainuka. Nábla akafungua kinywa. Kinywani kulikuwa na maneno matatu tu, "Sikutoa mkono, mama," na maneno hayo yalikaa juu ya ulimi kama jiwe la mto, laini, zito, haliendi mbele wala nyuma. Wanaume wakatoka. Akajiambia: huenda ikawa haidhuru. Huenda wakampata hapohapo kwenye ukuta mrefu. Wakimpata, nani atauliza theluji ilianzaje?

Akaufuta ule mtindi mezani.

* * *

Nábla alizaliwa pwani, mahali ambapo milima inaishia na bahari inaanza, na huko theluji ni mgeni asiyevua koti. Inakuja asubuhi, saa nne chumvi imeshaila. Kwao neno lilikuwa moja, sneachta, na lilitosha. Majira ya baridi ya kwanza ya ndoa yake, alitazama nje akasema kwa furaha ya kitoto, "Mama, sneachta!" Siubhán akacheka mpaka akakohoa.

"Sneachta ni jina la ukoo, binti wa mwani. Huwezi kusimama mlangoni ukaita ukoo mzima. Muite mtoto kwa jina lake!"

Akamfundisha, kwa kejeli nusu na subira nusu. Kuna bratóg, chembe kubwa kama kitambaa kilichochanika, inayoshuka wima pasipo upepo, hiyo haina ubaya. Kuna flichshneachta, ya maji. Kuna síobadh, ambayo haianguki kabisa, inapeperushwa, kavu kama unga, hiyo ndiyo inayoua. Na síobadh ikichoka kukimbia hujilaza mahali, mgongo umepinda, pua chini, na hapo inaitwa muc shneachta: nguruwe wa theluji. Nábla aliyasema majina hayo moja moja, na Siubhán akamsahihisha, akamtania kwamba kwao wana majina arobaini ya mwani na moja la theluji. Naye akajibu, "Mwani unaliwa, mama, theluji inaliwa?" Wakacheka. Siku hiyo walikuwa karibu.

Hawakuwa karibu siku zote. Siubhán alikuwa anaomba ampakate mtoto, na Nábla kila mara alikuwa na sababu. Mikono ya bibi ilitetemeka. Hakulisema hilo kwa mdomo, lakini asiyeona husikia.

* * *

Mchana Aodh alirudi peke yake. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Alikunywa supu ya viazi akiwa amesimama, bakuli likigonga meno.

"Mama Siubhán, tumechoma ukuta mzima. Hatua mia na kumi. Ufito unashuka mpaka kwenye majani. Hakuna kondoo, hakuna mbwa, hakuna mtu."

"Chomeni tena."

"Tumechoma mara mbili."

"Mara ya tatu, basi! Ilianza ya maji, Aodh. Kondoo aliyelowa hatembei. Wako hapo."

Kutoka nyuma ya pazia Nábla alisikia rozari ikipita vidoleni, punje kwa punje, haraka haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Aodh akamvuta Nábla pembeni, karibu na mlango wa zizi. Ndama mpya alikuwa akinyonya kwa fujo. "Shemeji," akasema, na lile jitu likakosa pa kuweka macho, "nisikufiche. Kondoo anaweza kukaa chini wiki mbili. Anakula sufu ya mwenzake, anaishi. Mtu si kondoo. Siku ya tatu hii. Na leo anga limefunguka, usiku baridi itakuwa ya kupasua mawe. Tukimpata kabla ya jua kuzama, Mungu mkubwa. Jua likizama..." Akaikung'uta kofia yake pajani. "Tutaenda kutazama chini ya jabali. Labda aliteleza."

"Jabali liko upande gani?"

"Kusini."

"Na kama hakuishia ukutani? Kama kondoo hawakulowa?"

"Wasingelowa?" Aodh alimtazama. "Basi wasingekuwa ukutani hata kidogo. Lakini si wamelowa?"

Nábla hakupiga magoti kwa kutaka. Alijikuta ameshafika chini, mbele ya kitanda cha ukutani, na mkono wake mmoja umelivuta pazia. Uso wa bibi ulikuwa mdogo juu ya mto, macho meupe yametazama juu.

"Sikutoa mkono, mama."

Rozari ikasimama.

"Sikufungua mlango. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza kalala. Niliangalia dirishani, na dirisha lilikuwa na mvuke wa nepi, nikaona maji. Nilikudanganya. Nimekudanganya toka Jumatatu, na leo asubuhi nimenyamaza, wamechimba mahali sipo, mama, na ni mimi. Nipige. Nifukuze. Lakini mwambie Aodh aende wapi."

Aodh alikuwa ameuma mdomo wake. Moto ukapasuka mara moja.

"Upepo haukunigusa uso," Siubhán akasema taratibu.

"Nini, mama?"

"Mlango ule ukifunguliwa, upepo hunigusa hapa." Kidole kikaenda shavuni. "Siku ile haukunigusa. Nikajiambia, kaufungua kidogo tu, kwa ajili ya mtoto. Nilikuwa na joto, Nábla. Nilikuwa nimepata joto, na sikutaka kuuliza mara mbili." Akaikunja rozari kiganjani. "Ukimhesabia Mungu makosa yako, acha nafasi ya langu."

Nábla akatia paji la uso wake kwenye ukingo wa kitanda. Bibi akamgonga kichwani, si kwa upole.

"Lia kesho. Ilikuwa kavu toka mwanzo?"

"Kavu."

"Síobadh tangu asubuhi. Kutoka mashariki." Siubhán alifumba macho yale yasiyoona, na midomo yake ikaanza kutembea bila sauti, kama mtu anayesoma njia aliyoipita ujanani. "Kondoo mkavu anaupa upepo matako na kutembea. Anatembea mpaka kitu kimzuie. Hakuna ukuta mwingine kwenda magharibi. Ni mteremko mtupu mpaka ziwani. Na ziwani kuna nini, Aodh?"

"Vibanda!" Aodh akapiga paja. "Vibanda vya kiangazi!"

"Nimelala humo viangazi saba nikichunga ng'ombe wa baba. Vimebaki kuta. Kibanda cha tatu, nyuma yake, upande wa ziwa. Mwaka aliozaliwa Éamann upepo ulitoka mashariki hivihivi, na baba yake akatoa kondoo kumi na mmoja hapo. Nguruwe wa theluji hubadili ngozi, hahami kitanda. Upepo uleule, kitanda kilekile. Nenda!"

Aodh alikuwa ameshafika mlangoni. "Nábla naye aende," bibi akasema. "Macho sita hayatoshi. Sikiliza, binti: penye pumzi chini, juu hutokea tundu dogo, na theluji yake inakuwa ya manjano kama jino la mzee. Lakini jua litakuwa linazama, kila kitu kitakuwa cha manjano. Usiamini macho. Vua soksi ya mkononi, upapase. Penye pumzi pana ganda, kama ukoko wa uji chunguni. Utaujua." Akanyoosha mikono yote miwili nje ya pazia, inatetemeka. "Lete mtoto."

Nábla hakufikiri. Akamtoa Róise kwenye shali, akamweka katika mikono ile.

* * *

Njia ya kwenda ziwani huwa ya nusu saa. Siku ile waliitembea, wakaiogelea, wakaitambaa. Aodh alitangulia akipasua kwa kifua, ndugu zake wakafuata, Nábla akikanyaga mashimo ya miguu yao, ambayo yalikuwa marefu kuliko miguu yake. Jasho lilimtoka na papo hapo likawa barafu mgongoni. Hakuwa akiomba. Alijaribu, na kila alipoanza Baba Yetu, maneno yaliyokuja yalikuwa "nusu saa, nusu saa".

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya mlima walipofika. Ziwa halikuonekana kuwa ziwa, lilikuwa uwanja. Vibanda havikuonekana kuwa vibanda. Cha kwanza kilikuwa kivimbe. Cha pili kivimbe. Na nyuma ya cha tatu, upande wa ziwa, Nábla akamwona.

Mgongo ulikuwa umepinda, laini, mrefu kama nyumba tatu. Kiuno kimeshuka, pua imeelekea ziwani, hata sikio lilikuwepo, mahali ambapo upepo ulikuwa umekunja ncha. Alikuwa amelishika jina lile, muc shneachta, miaka miwili kama mtu anayeshika sarafu ya nchi nyingine. Sasa alielewa kwamba aliyelitamka mara ya kwanza hakuwa anacheza. Alikuwa amesimama mahali kama hapa, amepoteza mtu.

"Fito!" Aodh akapiga kelele.

Walichoma. Fito zilikuwa fupi; nguruwe alikuwa na kina kuwashinda watu wawili waliobebana. Jua lilimwaga rangi ya shaba juu ya mgongo wote, na ilikuwa kama Siubhán alivyosema: kila mahali palikuwa jino la mzee. Nábla akapanda juu kwa mikono na magoti. Akavua soksi ya sufu mkononi, akapapasa.

Unga. Unga. Unga. Baridi ilimpanda kwenye vidole kama sindano, kisha sindano zikaisha, vidole vikawa vya mtu mwingine. Akabadili mkono. Unga. Alikwenda kutoka pua mpaka kiunoni, akarudi. "Shemeji, shuka, utazama!" Hakushuka. Jua lilikuwa limebaki nusu. Akaanza kulaani kwa sauti, yeye ambaye hakuwahi kumlaani hata kuku: akailaani theluji, akaulaani mvuke, akaulaani mkono wake mwenyewe uliokataa kutoka nje Jumatatu, ambao sasa ulikuwa nje na haukusaidia kitu.

Kiganja kikateleza.

Haikuwa unga. Ilikuwa ngumu, nyembamba, yenye ukingo. Ukoko. Vidole havikuwa na hisia tena, akaupapasa kwa shavu. Ukoko wa duara, na katikati tundu ambalo pete yake ingepita. Akaweka pua.

Sufu mbichi. Harufu nzito, ya uvuguvugu, chafu, ya kondoo aliye hai. Hakuna manukato aliyowahi kuyapenda hivyo.

"Hapa! Hapa! Aodh, hapa!" Kisha akatia mdomo kwenye tundu. "Éamann!"

Hakuna. Akaweka sikio. Hakuna. Akaita tena, safari hii bila sauti kabisa, sauti ilikuwa imekatika. Na kutoka chini, mbali, kama kutoka ndani ya gunia, mbwa akalia.

Walichimba kama watu wanaoibiwa. Chepe zikitupa, Nábla akitupa kwa mikono. Jua likazama na hakuna aliyeliangalia. Kwanza ukatokea mgongo wa kondoo, amekufa. Wa pili, amekufa. Wa tatu akapiga chafya. Kisha chepe la Aodh likavunja dari, na ndani yake kulikuwa na chumba kidogo cha buluu, kuta zake zimeng'aa kwa pumzi zilizoganda, na kondoo sita wamebanana migongo kwenye mawe ya kibanda. Katikati yao alikuwa amekaa mtu, mikono imezama katika sufu ya kushoto na ya kulia, mbwa mapajani, barafu kwenye kope.

Nábla alimdondokea. Akaushika uso ule. Ulikuwa mgumu kama sahani.

"Éamann. Éamann, ni mimi."

Midomo ikasogea. Haikutoa kitu. Ikasogea tena.

"Mtoto... yuko na nani?"

"Na mama yako. Kampakata."

Éamann alifikiria jambo hilo kwa muda mrefu sana. "Basi," akasema, "tumekwisha," na kona ya mdomo ikapinda, na Aodh Beag, lile jitu, akageuka akaitazama milima na kulia kwa sauti kama ndama.

* * *

Kati ya kondoo ishirini na sita walibaki saba. Vidole vitatu vya mguu wa kushoto wa Éamann vilikuwa vyeusi kama udongo wa kinamasi wanaouwasha motoni, na daktari, alipoweza kufika baada ya siku tano akiwa juu ya ubao wa kutelezea wa kukokotwa, hakuvirudisha. Lakini hayo yalikuja baadaye. Usiku ule walimwingiza ndani, Siubhán akaamuru wamweke mbali na moto, wamfunge blanketi, wampe maziwa ya uvuguvugu kwa kijiko, polepole. Róise alikuwa amelala katika mikono ya bibi. Mikono ilikuwa imetulia. Nábla aliitazama mara mbili.

Siku mbili baadaye Éamann alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu umefungwa vitambaa, ana homa lakini ana akili. "Mama," akauliza, "nani aliwaambia vibandani? Aodh anasema walianzia ukuta mrefu."

Nábla alikuwa anakanda unga wa mkate. Mikono ikasimama ndani ya beseni. Nyuma ya pazia Siubhán akakohoa.

"Mwambie sasa, binti," akasema, "wakati hana miguu ya kukufukuza."

Akamwambia. Alimwambia yote, mpaka mvuke wa nepi, akiwa amesimama na unga mikononi. Éamann alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Mguu wake ulikuwepo hapo mbele yao. Aliutazama, akamtazama Róise anayejaribu kula kamba ya kiatu chake kimoja kilichobaki na kazi.

"Nilipokuwa chini," akasema, "niliwaza, laiti ningemuuliza mama mara ya pili. Sikuuliza. Ng'ombe alikuwa ananibana mkono." Akasogea kwenye benchi. "Njoo ukae."

Akaenda akakaa, unga na yote.

Mwezi ule ukaisha, ukaingia mwingine, na ardhi ilikuwa bado nyeupe. Asubuhi moja kitu kikaanza kugusa paa, kidogo kidogo.

"Nje kunafanya nini?" Siubhán akauliza.

Róise alikuwa amelala juu ya mkono wa mama yake. Nábla akainuka naye, akaenda mpaka mlango wa mashariki ambao Aodh alikuwa ameuchimbua, akaufungua kabisa, mpaka bawaba zikalia. Akatoa mkono. Mtoto akaamka na kuanza kulia.

"Bratóg, mama," akasema. "Kubwa, kama vitambaa. Zinashuka wima, na zikinigusa zinakufa hapohapo. Hakuna upepo."

"Hakuna hata kidogo?"

"Upepo unakugusa uso?"

Bibi akageuza shavu lake kuelekea mlangoni, akangoja.

"Haunigusi," akasema. "Basi funga mlango, mnataka kuniua kwa baridi."